Sahani Isiyo na Mwenzake

Kabati la vioo lilikuwa tupu, lakini Bibi alilifuta rafu baada ya rafu, utadhani kuna wageni wa kulala humo. Sahani zake zote mbili zilikuwa jikoni, zimeinamishwa zikauke.

Binti yake mkubwa alisimama mlangoni na daftari mkononi. Nduguze walimwita Meneja, maana alipenda kuwapangia watu mambo yao mpaka usingizi.

"Mama, sikukuu ni Jumamosi. Tuko watu kumi na wawili. Tutalia viganjani?"

"Viganja vilikuwepo kabla ya sahani," alijibu Bibi.

"Sitanii, mama. Mwaka huu uwe wa mwisho hapa. Kuanzia mwakani sikukuu ihamie kwangu. Kwangu kuna vyombo. Wewe tutakufuata saa tano, tutakurudisha jioni, wala hutachoka."

Bibi aliendelea kufuta. Siku hiyo moja ndiyo iliyoijaza nyumba yake kelele za kumtosha mwaka mzima. Kufuatwa kama mzigo na kurudishwa kama mzigo hakukutaka kabisa. Ila kubishana na Meneja ni kutwanga maji kwenye kinu.

"Na kabati hili likijaa?" akauliza.

"Siku nitakayoliona limejaa nitanyamaza, sikukuu ibaki hapa milele. Lakini usije ukaenda kununua, na hicho kipensheni chako."

"Sinunui hata kijiko."

Jioni Bibi alipiga simu nyumba kwa nyumba. Masharti yake yalikuwa mepesi. Zawadi za dukani marufuku, kila mtu alete kitu cha mkono wake au cha mdomo wake. Kila nyumba ije na sufuria moja tu ya chakula inachokiweza. Na kila mtu aje na chombo chake cha kulia.

"Ila msiniletee zile za seti," aliwaonya. "Ikivunjika moja mtaninunia mpaka mwakani. Nyuma ya kabati lako hapakosi sahani isiyo na mwenzake. Lete hiyo."

Waliokata simu walitikisa vichwa kwa huruma. Maskini mama, hata sahani hana.

Jumamosi nyumba ikafurika. Mwanawe wa kati, fundi bomba, alitoa zawadi yake akiwa amelala chali chini ya sinki. Alipoinuka, bomba lililokuwa likidondoka tangu masika lilikuwa limenyamaza. Mkewe, mshonaji, alileta mito ya viti aliyoishona kwa vipande vya vitambaa. Kitinda mimba, ambaye mali yake ni mdomo, aliigiza Meneja anavyotembea sokoni akibonyeza nyanya za watu. Hata Meneja mwenyewe alicheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo.

Chakula kikapakuliwa. Katikati ya kula, mshonaji aliinua sahani yake, akaitazama, akaitazama na ya jirani.

"Wifi, hizi sahani mbona zinafanana kama watoto wa tumbo moja? Zote zina ua la bluu pembeni."

"Zamani kila duka liliuza aina hiyo hiyo," alisema Meneja, akichota mboga kwenye bakuli kubwa alilokuja nalo. Nalo lilikuwa na ua la bluu. "Hili langu hata sikumbuki nililitoa wapi."

Bibi aliomba asogezewe chumvi.

Baada ya kula, alijifuta mikono, akasema, "Kitendawili."

"Tega," wakaitikia wote.

"Hutoka kwangu kimeshiba, hakirudi hata kwa njaa."

Walihangaika nacho. Fundi bomba akasema mgeni. Wajukuu wakasema paka. Kitinda mimba akasema ni yeye mwenyewe, wakamzomea, maana yeye kwa njaa hurudi kila Jumapili.

"Basi nipeni mji."

Wakampa mji. Akakaa nao kidogo, akauzungusha kichwani kama anayechagua nyumba ya kuishi.

"Sasa jibu, mama," alisema Meneja.

"Jibu mtalikuta hapa mwakani."

"Kama itakuwa hapa," alisema Meneja, na jicho lake likaenda kabatini, ambako hapakuwa na kitu ila mng'aro.

Bibi akainuka. "Na mimi nitoe zawadi yangu. Pesa sina, mikono ninayo. Leo hakuna wa kuosha chombo. Acheni kila kitu hapo hapo mezani. Kesho nitaosha mwenyewe, pole pole, huku naimba."

Wakapiga makofi. Mshonaji, aliyezoea kuosha vyombo vya sikukuu tangu aolewe, alimkumbatia mkwewe kwa nguvu mpaka kilemba kikamwendea upande.

"Mama, hiyo ndiyo zawadi," alisema.

Wakati wa kuagana kila nyumba ilipewa mabaki ya chakula, kama desturi ya Bibi miaka yote. Safari hii aliyafunga kwenye mifuko ya nailoni. Wakaondoka mikono miepesi, wakisifu sikukuu isiyomchosha mtu.

Asubuhi Bibi aliosha huku anaimba, kama alivyoahidi. Kila sahani aliigeuza, akaisugua mgongo kwa kidole gumba mpaka likatokea doa jekundu la rangi ya kucha, alama ambayo yeye mwenyewe alikitia kila chombo chake wiki aliyoolewa. Bakuli la Meneja lilikuwa la mwisho. Akalirudisha rafu ya juu, mahali pake pa zamani, palipobaki nafasi ya bakuli moja tu, akafunga kabati na kuufundika ufunguo kwenye ncha ya khanga.