Nafasi ya Jina

"Andika, afande. Gia ilikuwa fri."

Koplo Benedikto aliinua kalamu. "Fri?"

"Haikuwa kwenye namba yoyote. Gari ina gunia themanini za dagaa na watu juu yake, iko kwenye mteremko, dereva katoa gia, kashindwa kuirudisha. Nimeingia mwenyewe chini ya lile lori. Breki nzima, springi nzima. Kilichokosekana pale ni dereva."

Masalu alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya kituo tangu asubuhi, miguu mitupu, makatambuga yake ameyaacha mlangoni. Alipoingia, Koplo alimtania kwamba hapa si msikitini. Mzee akajibu bila kucheka, "Nikiwa na kazi sivai. Mguu mtupu ndio unaosikia gari." Koplo akaona aibu, maana zilikuwa zimepita siku tatu tu tangu mzee huyu amzike binti yake.

Mpanda nzima ilimjua Masalu. Miaka ishirini na ushee alikuwa ameendesha malori ya ng'ombe na ya mpunga, masika na kiangazi, wala hakuwahi kukanyaga hata kuku. Sasa watu tisa walikuwa wamekufa kwenye barabara ya Ikola, ile iendayo ziwani, na mmoja wao alikuwa Nyanzala, mtoto wake wa pekee. Dereva naye alikufa, kijana ambaye pale mjini hakuna aliyemfahamu, na ndugu zake walikuwa wamekwisha kumrudisha ziwani kumzika. Kumlaani maiti hakukumsaidia Masalu. Alimtaka mtu aliye hai.

"Kijana alikuwa na leseni, mzee wangu," Koplo alisema kwa upole. "Daraja la malori, halali kabisa. Aliipata kwa ule msamaha."

"Huo msamaha ndio ninaousema!"

Kila mtu aliujua. Watu wa kando ya ziwa na wa milima ya Mwese, kwa kuwa chuo cha udereva kiko mbali nao, waliruhusiwa kupimwa bila cheti cha chuo. Barua ya mwenyekiti wa kijiji ilitosha. Picha na cheti cha kuzaliwa vingeletwa baadaye, na hiyo baadaye haikufika kamwe. Mara moja kwa mwaka mkaguzi wa magari alikuja huko kwao kutoka mkoani, akapanga mapipa uwanjani, akapima watu asiowajua, akaondoka zake.

"Mtu asiyejua kupunguza gia hapiti kati ya mapipa," Masalu alisema. "Kuna mtu alijua kabisa kwamba huyu hajui, akamvusha. Huyo ndiye aliyemuua mwanangu. Andika hivyo hivyo."

Koplo aliandika. Mzee akaanza kueleza habari za Nyanzala bila kuulizwa. Mwaka jana yeye Masalu alikuwa amempelekea mzigo tajiri mmoja huko Ikola, akarudi na kifurushi cha dagaa, shukrani ya mama mmoja ambaye Masalu alikuwa amemsaidia mwanawe. Nyanzala aliwakaanga, akawaonja, akasema, "Baba, hawa wanauzika." Ndivyo alivyoanza kwenda ziwani kila mwezi kuchukua magunia.

"Laiti ningewatupa njiani wale dagaa," alisema, akalia waziwazi mbele ya askari wawili na mama mmoja aliyekuja kuripoti baiskeli iliyopotea. Hakuna aliyemkataza.

Alipotulia, Koplo alimsomea maelezo yake. "'Namtuhumu mtu aliyemwezesha dereva huyu kupata leseni bila kujua gari, ambaye ni...' Hapa nimeacha nafasi ya jina. Unamsema mkaguzi?"

"Nani mwingine? Alifumba macho." Masalu alichovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya karatasi kwa nguvu. "Na sitoki hapa mpaka nafasi hiyo ijae."

"Jalada la leseni ya kijana limefika leo na basi. Tulisome pamoja, usije ukasema tunamficha mwenzetu." Koplo alifungua kamba. "Sixte, mwana wa Theopista, mkazi wa Ikola. Umri, miaka ishirini na moja. Barua ya mwenyekiti ipo. Picha haipo."

Masalu alishika ukingo wa kaunta. "Inatosha, afande."

"Bado, mzee. Haya sasa ni maneno ya mkaguzi mwenyewe." Kidole cha Koplo kilifuata mistari. "'Amerudi rivasi kati ya mapipa bila kugusa hata moja. Ameshuka kilima kwa namba mbili bila kukanyaga breki. Sijapata kumpima dereva kama huyu. Barua inamtaja kuwa kijana, ingawa nimeona ana mvi.'" Koplo alikunja uso. "Mvi? Yule mtoto?"

Masalu alifuta jasho lililokuwa likimtiririka shingoni.

"'Kabla ya kupanda alivua makatambuga, akayaacha chini. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba mguu mtupu...'"

Koplo aliinuka polepole kwenye kiti, akachungulia ng'ambo ya kaunta, chini.

"Ile nafasi, afande," Masalu alisema. "Andika."