Tumbo la Sato

Evelina alipakua sahani yake kwanza.

Hakurudi nayo jikoni, alikozoea kula akiwa amesimama, akikwangua ukoko baada ya wote kushiba. Aliketi mezani, akamega kipande kinono cha tumbo la sato, mafuta yakamchuruzika hadi kiganjani. Wiki iliyopita alizirai kwa njaa sokoni Kirumba, mbele ya wateja wake. Aliapa kwamba hatazirai tena.

Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea kutoka Magu, akasimama mlangoni.

"Ee! Mwanangu hajafika, wewe unatafuna?"

"Shikamoo, mama. Karibu. Chakula chake kipo kwenye hotipoti."

Mama mkwe aliinyoshea sahani kidole.

"Na tumbo la samaki?"

"Tumbo nakula mimi."

Evelina alijua vikao vya ukoo huitishwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Hata hivyo hakuinuka.

Mama mkwe alivua kandambili, akavuta kiti, akaichungulia sahani kwa muda mrefu.

"Nimepika sato tangu niolewe," alisema, "na nimekula mkia tangu niolewe. Hebu sogeza hapa, nionje hicho walichokuwa wananificha."

Evelina alicheka hadi machozi yakamtoka. Akaisogeza sahani katikati.

Nje, pikipiki ya mumewe ikapiga honi, ikapiga tena.

"Keti, mwanangu," alisema mama mkwe, mdomo umejaa. "Geti atafungua mwenyewe."