Kimya Kwenye Santuri ya Nadir

“Iweke ile aliyoipiga kalewa,” Mzee Masoud alimwambia Tahiya, binti wa ndugu yake. “Usinichagulie zilizo safi.”

Tahiya alikuwa ameshazitandaza santuri za baba yake juu ya jamvi, moja moja, kutoka kwenye kanga alizozifungia. Alitaka kuanza na ile iliyouzwa mpaka Mombasa, ile ambayo ndani yake mkono wa kushoto wa baba yake unakwenda juu ya piano kama mtu anayeshuka ngazi za mbao na habari njema. Zote zilikuwa nyimbo alizozitunga Nadir mwenyewe, wakati mjini watu hawajajua kama jazi inapigwa kwa piano.

“Ami, sikiliza hii kwanza.”

“Nshakwambia, ile!”

Wageni ukumbini wakacheka. Wote waliijua. Wakati wa ujana wake Nadir, kampuni ya santuri ilikuja kumrekodi katika nyumba hii hii ya mtaa wa Malindi, ghorofa ya juu, kwa kuwa piano ilikuwa nzito mno kuishusha. Nyimbo nyengine wakazichukua. Hii wakaikataa, wakamwachia sampuli yake kama mtu anavyomwachia paka mifupa.

Wimbo wenyewe unaanza vizuri. Unapanda, unapanda, na pale mtu anapotaka kuinuka acheze, piano inanyamaza. Kimya. Miaka yote, kimya kile kikianza mtu hunyanyua sindano, na mwengine husema, “Keshaanguka kitini!”

Nadir hakubishana nao. Alisema tu, “Hamjaifikisha mwisho.” Na hilo nalo wakalicheka.

Sasa Nadir yuko kaburini, na udongo haujakauka. Tahiya alikuwa na haja moja tu: hitma ya baba yake isomwe katika msikiti wa mtaa, huo ulioko nyuma ya nyumba, ng’ambo ya kichochoro. Hapakuwa na mtu pale ambaye angethubutu kufungua msahafu kwa hitma aliyoikataza Mzee Masoud.

“Hitma ya mpiga piano!” Mzee aliwageukia wageni. “Nyinyi mnamjua ndugu yangu? Mimi nimeadhini msikiti ule tangu sijaota ndevu. Hakukuwa na vipaza sauti wala nini, koo tu. Nikiivuta ‘Hayya’ yangu, wachuuzi Darajani wanafunga milango.”

“Na ile kupasuka katikati?” Sabri, jirani, alimchokoza. “Maana mpaka leo, sheikh, ukiivuta inapasuka kama chungu.”

“Ndiyo alama yangu hiyo! Nani mwengine anayo?” Mzee alicheka, kisha uso ukamkunjamana. “Namaliza, narudi nyumbani, namkuta huyo yuko juu, tingi-tingi-tingi. Hata mwizi akisikia adhana hutulia akaitikia. Yeye, ndugu yangu wa tumbo moja, hakuniitikia hata siku moja. Hata moja, Tahiya! Mtu kama huyo nimsomee nini?”

“Ulimuuliza?”

“Ya nini kuuliza? Mlevi ana jibu?”

“Baba hakuwa akinywa, Ami.”

“Basi alinyamaza kwa nini? Aliona haya?”

Wakacheka tena. Bi Mwatima, mke wa Mzee Masoud, alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alikuwa amekula kwa Nadir mara nyingi kuliko kwa ndugu zake mwenyewe.

Tahiya aliiokota ile santuri. Aliishika kwa kingo, kama baba yake alivyomfundisha.

“Nikiiweka, utaisikiliza mpaka mwisho?”

“Mpaka mwisho kabisa! Nataka nimsikie anavyokoroma.”

“Na hitma?”

“Weka kwanza.”

Gramafoni ya Nadir ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa imekufa kabla yake, na sauti yake siku zote ilikuwa ndogo. Mashine hii ilikuwa ya Sabri, ya umeme, na spika zake mbili zilikuwa zikipigiwa muziki harusini. Tahiya akashusha sindano.

Piano ikapanda. Kwa muda mfupi hata Bi Mwatima alisahau kudharau, kidole chake kikawa kinagonga goti. Kisha piano ikanyamaza.

Sabri akanyoosha mkono kwenye sindano, kwa mazoea. Mzee akaupiga.

“Iache! Ongeza sauti. Ongeza, watu waisikie vizuri aibu ya ndugu yangu.”

Tahiya akaongeza. Mkwaruzo ukajaa ukumbi kama samaki anayekaangwa. Sabri akainamisha kichwa begani, akakoroma kwa mzaha, na wageni wakashikana mikono kwa kicheko.

“Ongeza!”

Akaongeza mpaka kifundo cha sauti kikagota.

Nyuma ya mkwaruzo, mbali, kama kutoka ng’ambo ya kichochoro, ikaja sauti ya kijana. Iliivuta “Hayya”, ikapasuka katikati kama chungu, ikaendelea.

Sabri aliacha kukoroma. Mkono wa Mzee Masoud, uliokuwa juu ukidai sauti zaidi, ulibaki pale pale.

Na karibu, penye piano penyewe, mtu mwengine, kwa sauti ya chini, alikuwa akiitikia, neno kwa neno.