Mlima Uliofunikwa Uso

Kila kulipopambazuka Suqin alibeba bakuli la uji wa mchele, akapanda kilima cha mawe kilichojengwa bustanini nyuma ya nyumba, akaumimina wote pangoni.

Kwanza aliinama, akasukuma kando majani ya mmea mtambaazi, midomo ikamcheza kama mtu anayenong'ona. Kisha akarudi na bakuli tupu. Juu dirishani mama mkwe wake alikuwa amekaa, macho hayabanduki.

"Amekula?" Mama Pan aliuliza.

"Amekula, mama."

"Wote?"

"Wote. Anasema na wewe ule. Usipokula, naye kesho hataki."

Ndipo bibi kizee akashika kijiko.

Tangu Wajapani wauteke mji wa Suzhou, mchele ulikuwa wa kugombaniwa, na chungu chao kidogo walikigawa sehemu tatu zisizomshibisha mtu. Miguu ya Suqin ilikuwa imeanza kuvimba. Mama Pan alibaki mifupa na ngozi, na kwa vile nyayo zake zilifungwa vitambaa tangu utotoni zisikue, kama ilivyokuwa desturi, hakuweza kukanyaga mawe yale. Lakini alikula. Mwanzoni mwa vita alikuwa amegeukia ukuta, hataki chakula wala maji, mpaka Suqin alipokuja kumwambia sikioni kwamba Jingzhi, mwanawe wa pekee na mume wa Suqin, ametoroka jeshini, ameruka ukuta wa nyuma, na sasa yumo pangoni.

Siku ileile walimwita Mzee Tao, mtunza bustani wao, aje kuuficha mdomo wa pango.

Mzee Tao ndiye aliyepanda mimea kwenye mlima ule mdogo tangu ujengwe. Kule juu aliweka msonobari mmoja wa kimo cha mtoto, umeinama kama unachungulia bondeni. Kwenye nyufa alitia kangaga, chini kabisa kishungi cha majani, basi. Mimea michache, tena midogo, ndipo mawe yaonekane marefu. Alipoambiwa wanachotaka, alikuna kidevu.

"Bibi mdogo, mlima si bibi harusi. Haufunikwi uso."

"Funika," alisema Mama Pan kutoka dirishani.

"Nitauharibu."

"Uharibu, Tao."

Mzee alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kama mtu mwenye tonge asiloweza kulimeza wala kulitema. Kisha akatia mche. Mtambaazi ulishika upesi, ukaziba pango lote. Yeye mwenyewe hakuuona ukichanua. Baridi ilipokaza, majirani walimkuta kibandani kwake amejikunja kando ya vyungu vyake, tumbo limegusana na mgongo. Hakuwahi kuja kuomba hata ukoko.

Majira ya kuchipua, kapteni mmoja wa Kijapani alihamia nyumba ya mbele ya ua wao. Babu yake alikuwa mtu wa bustani, na yeye alipenda kuzunguka asubuhi, mikono nyuma, anatazama mimea kama anayekagua gwaride. Asubuhi moja alimkuta Suqin akishuka na bakuli.

"Nani alipanda mimea hapa?"

"Mzee wetu, bwana. Amefariki."

"Alikuwa bingwa. Kule msonobari mmoja tu, na mlima mzima umesimama." Akaunyooshea kidole mtambaazi. "Hapa ndipo alipolewa?"

Kapteni akainama. Chini ya yale majani kuvumwani, ule ukoga wa kijani wa mawe yenye unyevu, ilikuwa imestawi kama zulia, kijani kibichi, ikiteremka kutoka mdomo wa pango hadi kwenye njia, wakati mawe mengine yote yalikuwa makavu.

"Na hii inakula nini?"

"Uji, bwana. Kuvumwani hupenda uji. Ndivyo tunavyoilisha huku kwetu."

"Watu wanatafuna magome ya miti, nyinyi mnalisha mawe." Akawaita askari. "Kateni."

Suqin akapiga magoti njiani. "Bwana, nakusihi. Kata mwingine wowote. Mama ni mgonjwa, kutwa anautazama huu. Akiona umekatwa, atakufa."

"Hakuna aliyekufa kwa mtambaazi," alisema kapteni.

Mapanga yalifanya kazi haraka. Majani yalianguka mafungumafungu, na pango likabaki wazi, jeusi. Askari mmoja akaingia kwa tumbo, taa mkono mmoja, kisu cha bunduki mkono wa pili. Suqin hakulitazama pango. Alikuwa anatazama dirisha.

Askari akatoka, magoti yamelowa tope jeupe.

"Hamna mtu. Panya tu, wamenona."

Kapteni alirudi nyuma hatua chache, akayatazama mawe yaliyokuwa wazi sasa, akaridhika. "Huo ndio mlima," akasema, akaenda kunywa chai.

Suqin alipanda ngazi akishikilia ukuta. Mama Pan alikuwa palepale, mikono mapajani. Suqin akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nimekudanganya. Jingzhi hakurudi. Alipigwa risasi kwenye lango la mji, hata mtaa wetu hakuufikia. Mzee Tao alimwona kwa macho yake, akaja kuniambia jikoni. Nilikukuta umegeukia ukuta, nikaogopa nikikuambia utakwenda naye."

Mama Pan aliushika uso wa mkwewe, akaupangusa vumbi la mawe kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepangusa mtoto.

"Tao alikuja kwangu kwanza," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma jikoni, maana sikuwa na mdomo wa kukuambia. Ulipopanda hapa ukaniambia mumeo amerudi na anataka uji, nilidhani akili imekuruka, mwanangu, nikaogopa kukukatalia."