Namna Zote za Kutupa

Siku ile mjinga alikuwa Meshaki mwenyewe, wala hakurogwa na mtu.

Kiwanda cha chai kilikuwa kimeuzwa kwa tajiri mpya, na wapakiaji wa zamani wakaambiwa waombe kazi upya. Ikavuma kwamba bila Kiingereza huingii. Meshaki, ambaye nyumbani kwake hakukuwa na mshahara mwingine, akampelekea mwalimu wa tuisheni pale Tukuyu mikungu ya ndizi, akaomba afundishwe maneno ya kazi yake. Mpakiaji si anarusha mizigo? Mwalimu akamfundisha kila neno la Kiingereza la kurusha.

Basi akasimama mbele ya bosi, dada mmoja wa kutoka Dar es Salaam, wenzake wamejazana dirishani.

"Haya mzee, nionyeshe unachokijua."

"Throw!" Mkono ukaenda mbele. "Toss!" Ukapanda kidogo. "Hurl!" Hapo koti lake la mtumba likaachia mshono wa kwapani, uzi ukabaki unaning'inia. Hakujali. "Fling! Lob! Chuck!"

"Ndaga fijo, mwalimu!" wenzake wakamshangilia dirishani, wakimshukuru kwa Kinyakyusa kana kwamba yeye ndiye mwalimu.

Dada hakucheka. "Mwingine aingie."

"Subiri kwanza, bosi." Meshaki hakuondoka. "Masanduku ya chai nimeyapakia tangu ujana wangu. Halijapasuka hata moja mkononi mwangu. Waulize hawa!"

"Niwaulize nini tena, mzee wangu? Umenionyesha mwenyewe namna zote za kuitupa chai yangu, hukunionyesha hata moja ya kuiweka chini."