Shoka Kwenye Tangi la Pikipiki

Shoka lilikuwa limezama kwenye tangi la pikipiki yake wakati Konstebo Pundia alipotokea ukingoni mwa shamba, anachechemea, bunduki mkononi.

Walikuwa watu sita. Nyuso zao zilikandikwa udongo wa kijivu, hutambui pua wala kinywa. Mmoja alifyeka mibuni kana kwamba anakata shingo. Mwingine alisimama juu ya nguruwe jike, rungu likipanda na kushuka, damu ikimrukia kifuani. Kioo cha dirisha kilipasuka. Bonde zima lilijaa mayowe.

Mwenye shoka aligeuka, akamwona. Akaliacha shoka pale lilipozama, akamkimbilia, mikono imenyooshwa.

Pundia akafyatua.

"Yaani alikuwa mikono mitupu?" aliuliza Bwana Havila, mwenyekiti wa kamati ya fidia.

Kamati ilikuwa imepanda kutoka pwani hadi Hagen, mji wa milimani, kusikiliza watumishi wa serikali walioharibiwa mali. Kanuni ilikuwa moja: adui akikuharibia kwa sababu ya kazi yako, serikali inalipa.

"Mikono mitupu, bwana mkubwa. Lakini nilikuwa natoka darajani. Wenzangu wawili walikatwakatwa mapanga mbele yangu. Mimi nilijitupa mtoni, nikatembea porini siku mbili. Nafika kwangu, mtu wa udongo ananijia mbio. Ningemngoja anipe mkono?"

"Habari ya daraja tuliisikia redioni," alisema Bwana Havila. "Walisema hakuna aliyepona. Una mifupa migumu, konstebo! Haya, washenzi hao waliiba nini?"

"Hawakuiba kitu."

"Hata nyama ya nguruwe?"

"Waliiacha palepale."

"Majambazi gani hawa! Wanaua nguruwe, halafu wanarudi kwao kula viazi?"

Wajumbe wakacheka. Tepra, karani, mzaliwa wa milima hiyohiyo, hakucheka. Aliweka kalamu mezani.

"Na watano waliobaki?" aliuliza mwenyekiti. "Walitimua mbio?"

"Walikaa chini, bwana mkubwa. Mpaka giza likaingia."

"Waoga! Sasa mbona unataka tuamue leo? Wenzako wanangoja mwaka."

Pundia aliangalia viganja vyake. "Nimeua. Damu ya mtu hulipwa nguruwe, wapelekewe watu wa mama yake. Mwezi ukiisha sijalipa, nitafukuzwa bondeni. Sitakuwa na pa kulima wala pa kuzikwa."

"Mtu akuvunjie nyumba, nawe umpelekee mamaye nguruwe!" Bwana Havila alipiga meza. "Nyie wa milimani vichwa vyenu mawe matupu. Lakini haki yako ni haki yako." Akanyanyua mhuri. "Nitajie tu ukoo wa hao adui, tumalize."

Pundia alimgeukia karani.

"Kaka," Tepra alisema polepole, "redio iliwataja majina waliokufa darajani?"

"Iliwataja."

"Watatu?"

"Watatu."

"Na udongo ule wa kijivu, mimi nilijipaka tulipomzika baba. Migomba yake yote niliifyeka mwenyewe. Hata baiskeli yake niliipondaponda, nikilia."

Pundia alitikisa kichwa kukubali.

"Acheni hadithi za misiba, ninyi wawili!" alifoka Bwana Havila, mhuri ungali hewani. "Konstebo, nijibu mimi. Nguruwe hao unampelekea mama wa nani?"

"Mama yangu, bwana mkubwa."