Kila Mtu na Mlio Wake

Kuku alianza kutetea ndani ya mfuko wa shati la msimamizi wa ghala. Alinyamaza, akaanza tena. Wapakiaji waliokuwa wakipanga makopo ya rangi waligeuka wakatazamana. Msimamizi alitoa simu, akaiangalia huku akitabasamu, wala asipokee.

"Ni mhasibu," aliwaambia. "Nimemtengenezea mlio wa kuku. Si ndivyo anavyoongea?"

Hakuna aliyecheka. Mhasibu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, amekuja kumwita kikaoni.

Bwana huyu alikuwa na ujuzi mmoja tu duniani, na aliutembeza kila mahali: alijua kutengeneza milio ya simu bila kulipa. Unarekodi sauti, unakata kipande unachokitaka, unakihifadhi, unampa mtu wako. Basi. Watoto wa shule wanafanya hivyo wakiwa wanatafuna karanga. Lakini yeye, ungedhani ameunda ndege. Wanaolipia milio aliwaita mazuzu, na wasiobadilisha kabisa aliwaita maiti.

Kila mtu alikuwa na wake. Dereva wa lori alipewa injini inayokataa kuwaka. Mama mkwe, bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Mlinzi, mtu mzima mwenye wajukuu, alipewa mbwa. Meneja peke yake ndiye aliyepigiwa tarumbeta, maana mikononi mwa meneja kulikuwa na kile ambacho msimamizi alikililia kwa miaka: ukuu wa tawi. Tawi gani, hakujali. Alichotaka ni kiti kinachozunguka na watu wa kuwadharau rasmi.

Mke wake hakuwa na mlio. Akipiga, simu ililia vilevile ilivyotoka dukani. Msimamizi hakuona sababu ya kujisumbua.

Jumapili moja mke huyo alimwomba amfundishe. Msimamizi alicheka mpaka akakohoa, kisha akamfundisha kama mtu anayemsomesha mbuzi.

"Hapa unarekodi. Hapa unakata. Umeelewa, au nirudie polepole?"

"Nimeelewa. Na nikishautengeneza, naweza kumtumia mtu mwingine?"

"Umtumie nani wewe? Dada zako wenye simu za tochi?"

"Nimeuliza tu, mume wangu."

Alimhurumia. Mwanamke mpole, mpishi mzuri, ila kichwani hamna kitu. Hata kuhusu cheo hakuwa na la kusema, zaidi ya kumsihi kwamba siku akipewa tawi la mbali asikatae. Yeye atabaki na watoto kwa sababu ya shule. Msimamizi alihesabu hilo kuwa neno lake la kwanza la busara tangu waoane.

Sasa kikaoni, meneja aliingia na rundo la mafaili, akayatupa juu ya kabati la dirishani, akaketi. Hakuzunguka mbuyu.

"Tunafungua tawi mpakani," alisema. "Nimelifanya kimyakimya. Ninyi ndio wa kwanza kusikia, na mnasikia leo. Nilikuwa na majina mawili ya kuliongoza: mhasibu, na msimamizi wetu wa ghala." Akamtazama msimamizi. "Nimekuchagua wewe."

Mhasibu aliinamisha uso. Kila aliyekuwa mle chumbani alijua ni nani alikuwa akikesha na hesabu za kampuni, na ni nani alikuwa akikata milio nyuma ya makopo. Dereva aliguna, halafu akajifanya anasafisha koo.

"Nashukuru sana, mzee," alisema msimamizi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushinda akanyamaza, akamgeukia mhasibu. "Pole, dada. Wewe utaendelea kututagia mayai hapahapa."

Mhasibu alitoa leso. Machozi yalikuwa yanamlenga, na msimamizi aliyaona, yakamnogea.

Meneja alitaka kuwapigia makao makuu kuthibitisha jina. Akapapasa mifuko ya koti, kisha ya suruali, akainua karatasi za mezani.

"Simu yangu nimeiweka wapi tena? Mhasibu, hebu nipigie niisikie."

Mhasibu alikuwa bado anafuta macho. Msimamizi naye hakuweza kumwachia mwanamke yule hata heshima ndogo kiasi hicho.

"Mimi hapa, mzee. Tulia, mimi hapa."

"Wewe acha," meneja alisema, akasimama. "Nimesema mhasibu. Acha."

Msimamizi alikuwa ameshabonyeza. Alisubiri kidevu juu, kwa sababu kwa muda mrefu alitamani kujua mkubwa kama yule angempa mtu kama yeye mlio gani.

Chini ya mafaili, mwanamume akaanza kukoroma. Ulikuwa mkoromo mzito wa mtu aliyelala chali mdomo wazi, unaokatika na kuanza upya kwa kamluzi. Dereva aliangua kicheko, na chumba kizima kikamfuata. Msimamizi naye alicheka, tena kuwazidi wote. Meneja aliyarukia mafaili, yakamwagika, simu ikateleza nayo hadi sakafuni, na juu ya mkoromo ule ikasikika sauti ya mke wa msimamizi, laini, ya mtu anayejizuia kucheka:

"Msikie basi huyo mkuu wako wa tawi la mpakani."